Mtengenezaji wa tovuti hapatikani: namna ya kurudisha faili za tovuti ya zamani

Shule, kamati za maji, vikundi vya kina mama na mashirika madogo ya kijamii katika kaunti yetu yamekuwa yakifungua tovuti kwa miaka mingi sasa. Mara nyingi kazi nzima ilifanywa na kijana mmoja aliyejua kompyuta. Yeye ndiye aliyelipia jina, akaweka picha, akashika nenosiri kichwani. Leo kijana huyo yuko Nairobi, Dubai au Minneapolis na laini yake haiingii, au ametangulia mbele za haki. Tovuti imebaki bila mwenyewe. Ikifunguliwa inaonyesha habari za miaka kumi iliyopita, au haifunguki kabisa.

Mkaazi wa Wadi ya Sangailu anaweza kuuliza: kuna haja gani ya kuhangaikia tovuti ya zamani wakati kisima kinahitaji pampu? Jibu ni kwamba baadhi ya karatasi muhimu za jamii siku hizi hazipo kwenye karatasi. Chukua suala la ardhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Garissa ni ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaitaka jamii inayotaka kusajiliwa iwasilishe orodha ya wanachama wake, kumbukumbu za mkutano uliochagua kamati ya usimamizi yenye watu 7 hadi 15, na kanuni za kuitawala ardhi hiyo. Kumbukumbu za mikutano ya miaka ya nyuma, majina ya wazee waliokubaliana kuhusu malisho na njia za mifugo, ramani iliyochorwa na mtaalamu aliyekuja siku mbili tu: haya yote yakiwa yaliwekwa kwenye tovuti na karatasi zenyewe zikaliwa na mchwa, basi tovuti ndiyo kabati la jamii. Ndivyo ilivyo pia kwa orodha za wanafunzi waliopata basari, hesabu za michango na ripoti zilizopelekwa kwa wafadhili.

Inafaa kukumbuka kwamba ripoti ambazo wakuu wa wilaya wa zama za ukoloni waliandika kuhusu Garissa na eneo zima la Kaskazini bado zinasomeka leo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Nyingi zilipigwa picha kwenye filamu ndogo, na seti ya filamu hizo iko Chuo Kikuu cha Syracuse nchini Marekani. Maneno ya afisa aliyepita hapa kwa miezi michache zamani hizo yamehifadhiwa mabara mawili. Ya kamati iliyoketi chini ya mti mwaka wa 2011 yanategemea kama mtu fulani alilipa ada ya mwaka huu.

Kabla ya kuanza kutafuta, elewa kwanza kwamba tovuti si kitu kimoja. Ifikirie kama duka sokoni. Kuna jina lililoandikwa juu ya mlango. Hilo ndilo jina la kikoa, kama vile yale yanayoishia kwa.or.ke au .co.ke. Kuna chumba ulichopanga. Hicho ni nafasi kwenye seva ya kampuni inayohifadhi tovuti. Ndani ya chumba kuna bidhaa, yaani faili: picha, hati za PDF na kurasa zenyewe. Tovuti nyingi zilizotengenezwa kwa WordPress au Joomla zina pia daftari la ndani, yaani hifadhidata, ambamo maneno yote ya makala huandikwa. Jina na chumba hulipiwa kila kimoja kivyake, pengine kwa kampuni mbili tofauti. Unaweza kupoteza jina huku faili bado zipo chumbani, au kulishika jina huku chumba kimeshafagiliwa. Watu wengi hukimbilia kulipia jina upya, kisha wanashangaa kuona ukurasa mweupe. Wamenunua kibao cha duka tupu.

Tovuti ikiwa bado inafunguka, hata kama ni ya kizamani na imechakaa, nakili leo. Usingoje kikao cha kamati. Mwenye saiba Masalani au Garissa mjini anaweza kutumia programu ya bure iitwayo HTTrack, ambayo hupita ukurasa mmoja baada ya mwingine na kuushusha kwenye kompyuta pamoja na picha na hati zake. Ukiwa na simu pekee, fungua kila ukurasa muhimu, chagua kuchapisha, halafu uhifadhi kama PDF. Ni kazi ya kuchosha lakini haihitaji ruhusa ya mtu wala nenosiri. Nakala ya namna hii haitakupa hifadhidata, kwa hivyo tovuti haitajiendesha tena kama zamani, ila maneno na picha utakuwa nazo mkononi.

Hatua inayofuata ni kujua nani anashika jina na nani anashika chumba. Majina yote yanayoishia kwa .ke yako chini ya KeNIC, shirika linalosimamia daftari la majina ya Kenya. Kwenye tovuti yao kuna mahali pa kuandika jina na kuona lilisajiliwa lini, litaisha lini, na kupitia kampuni gani, maana KeNIC huuza majina kupitia wasajili walioidhinishwa. Majina ya .com na .org yana huduma kama hiyo, inayoitwa WHOIS. Katika majibu utakayopata, angalia sana mistari inayotaja seva za majina. Mara nyingi maneno hayo hubeba jina la kampuni inayohifadhi tovuti, hata pale ambapo jina la mwenye tovuti limefichwa.

Kuna njia nyingine ambayo wataalamu huisahau, na kwetu ndiyo huzaa matunda zaidi: mfuko wa mweka hazina. Tovuti hailipiwi kwa maneno. Mtu alituma pesa, na pesa huacha alama. Mwombe mweka hazina wa wakati ule achukue taarifa yake ya M-Pesa na kutafuta malipo yanayojirudia kila mwaka karibu na tarehe ile ile. Jina la kampuni iliyolipwa litakuwa pale, pamoja na namba ya akaunti iliyotumiwa na namba ya muamala. Kama pesa zilipitia kwa mtengenezaji mwenyewe, utapata angalau tarehe. Tafuta pia katika barua pepe za kikundi, kwa mwenyekiti wa zamani na katibu wake, ujumbe wowote wa ankara au wa kukumbusha malipo. Kampuni hizi hutuma vikumbusho vingi kabla ya kufunga huduma, na kimoja tu kinatosha kukuonyesha mlango wa kubisha.

Harakisha hasa ikiwa barua pepe hiyo ni ya Gmail. Tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti za watu binafsi zisizotumiwa kwa miaka miwili, na akaunti ikifutwa ujumbe wote ndani yake huenda nayo. Laini ya simu nayo ni hivyo hivyo: isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake hupewa mtu mwingine. Kama namba ya mtengenezaji ndiyo inayopokea msimbo wa kuingilia, msimbo huo unaweza kuanza kumfikia mtu wa Kisii ambaye hajawahi kusikia Sangailu.

Ukishaijua kampuni inayohifadhi tovuti, iandikie barua rasmi badala ya kupiga simu ya kulalamika. Kampuni haikujui wewe. Inamjua aliyefungua akaunti. Kazi yako ni kuthibitisha kwamba aliifungua kwa niaba yenu. Ambatisha cheti cha usajili wa kikundi au shule, kumbukumbu za mkutano zinazoonyesha maafisa wa sasa na sahihi zao, nakala za vitambulisho vya watu wawili miongoni mwao, na ushahidi wa malipo. Barua ya utambulisho kutoka kwa chifu au msimamizi wa wadi huongeza uzito. Ikiwa kuna mkataba wowote ulioandikwa na mtengenezaji, hata ukurasa mmoja wenye mihuri miwili, uweke juu kabisa. Eleza jambo moja tu na uliseme wazi: mnaomba nakala kamili ya akaunti, yaani folda zote za tovuti pamoja na faili la hifadhidata linaloishia kwa .sql, hata kama akaunti imesimamishwa kwa kutolipwa. Ulizeni kuna deni kiasi gani na mlipe. Kampuni nyingi hazifuti faili siku ile ile malipo yanapokoma. Hufunga mlango kwanza, kisha hufuta baada ya muda. Muda huo hutofautiana kutoka kampuni hadi kampuni, na ndiyo sababu barua ya wiki hii inaweza kupata kile ambacho barua ya mwezi ujao haitakipata.

Jina nalo lina saa yake. Kwa majina ya .com, msajili anaweza kukupa hadi siku 45 za kulipa baada ya muda kuisha, kisha huja siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kungoja kufutwa. Baada ya hapo jina ni la yeyote anayewahi. Kuna watu kazi yao ni kuvizia majina yaliyoachwa, na tovuti nyingi za shule na misikiti duniani zimeamka siku moja zikitangaza kamari. Hebu fikiria mzazi akiandika anwani iliyo kwenye barua ya shule na kukuta hayo. Kwa majina ya .ke, muulize msajili au KeNIC siku hiyo hiyo unapogundua muda umekwisha. Ikiwa mtu mwingine ameshalichukua kwa nia mbaya, KeNIC ina utaratibu wa kutatua migogoro ya majina bila kwenda mahakamani. Majina ya .go.ke ni ya taasisi za serikali pekee, na .sc.ke ni ya shule, hivyo hayachukuliwi ovyo na mpita njia.

Sasa tuseme milango yote miwili imefungwa: kampuni imefuta, na jina limekwenda. Bado kuna mahali pa kuangalia. Mwaka wa 1996 Brewster Kahle alianzisha Internet Archive kule San Francisco, maktaba inayotembelea tovuti za dunia na kuhifadhi nakala za kurasa zake. Tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuzitazama bure kupitia huduma yake iitwayo Wayback Machine, katika anwani ya web.archive.org. Andika anwani ya tovuti yenu ya zamani. Itatokea kalenda ya miaka, na siku ambazo nakala ilichukuliwa zitakuwa na duara la rangi. Bonyeza siku, nawe utaiona tovuti jinsi ilivyokuwa siku hiyo. Usikate tamaa kwa tarehe moja iliyovunjika. Jaribu nyingine, na ujaribu anwani ikiwa na www na bila www.

Wengi huishia kwenye ukurasa wa mbele. Kuna hila moja ya kufika mbali zaidi. Andika web.archive.org/web/*/ kisha jina la tovuti yenu, kisha /* mwishoni. Utaletewa orodha ya kila anwani iliyohifadhiwa chini ya jina hilo, na kuna kisanduku cha kuchuja. Andika humo pdf, na hati zote za PDF zilizonaswa zitajipanga. Kumbukumbu za mikutano na orodha zilizopakiwa kama hati mara nyingi huonekana hapa hata kama ukurasa uliozielekeza haupo tena. Pakua kila moja na uipe jina linaloeleweka, lenye mwaka mbele.

Ni vyema kujua mipaka ya huduma hii. Ilinasa tu kile ambacho kila mtu angeweza kukiona. Kurasa zilizohitaji nenosiri hazimo, fomu zilizojazwa na watu hazimo, na hifadhidata haimo. Tovuti ndogo ambayo haikuunganishwa na nyingine huenda ilitembelewa mara mbili tu katika maisha yake. Wala maktaba yenyewe si mlima usiotikisika: mnamo Oktoba 2024 ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, ikawa haipatikani kwa siku kadhaa. Ukikuta faili zako huko, zipakue. Usiache kiungo tu ukidhani zitakungoja. Nakala zilizokuwa zikioneshwa na Google chini ya matokeo ya utafutaji, ambazo mafundi wa zamani walizitegemea, ziliondolewa mwaka wa 2024. Na kama tovuti yenu ilikuwa kwenye huduma ya bure ya GeoCities, Yahoo iliifunga Oktoba 2009. Watu waliojitolea waliokoa sehemu kubwa yake kabla ya kufungwa, kwa hivyo hata hapo inafaa kujaribu Wayback Machine.

Kuna chanzo kingine karibu zaidi: kompyuta ya mtengenezaji mwenyewe. Karibu kila mtengenezaji hubaki na nakala kwenye laptopu au diski ya nje. Akiwa hai lakini mbali, mtafute kupitia kwa jamaa zake. Hapa kwetu ni nadra mtu kupotea kabisa. Kuna abti, kuna binamu, kuna kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja. Mwombe kwa upole, na umwombe vitu viwili kwa majina: nakala ya faili, na barua pepe ya kuhamisha akaunti. Ukianza kwa kumlaumu, atanyamaza.

Akiwa amekataa kwa sababu hakulipwa, kwanza hakikisheni kama ni kweli. Mara nyingine ni kweli. Lipeni baki yake kwa makabidhiano yaliyoandikwa: pesa upande huu, nenosiri na faili upande ule, siku moja, mbele ya shahidi. Akiwa alilipwa yote na bado anadai tovuti ni yake, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama walikubaliana vinginevyo. Sentensi hiyo moja, ikiandikwa kwa adabu ndani ya barua, humaliza mabishano mengi.

Akiwa amefariki, mambo yanahitaji utulivu. Laptopu yake ni sehemu ya mirathi. Sheria ya Urithi inakataza mtu yeyote kuchukua au kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na hilo linahusu pia kamati yenye nia njema. Nendeni kwa familia na wazee wachache, baada ya siku za matanga, mwaeleze mnachotafuta. Ombeni laptopu ifunguliwe mbele ya mtu wa familia, na fundi anakili folda ya tovuti pekee. Ndani ya mashine ile kuna picha za mke na watoto, mazungumzo, pengine siri za wateja wengine. Hakuna haja ya mgeni kuyaona. Familia zikitofautiana juu ya mali, ngojeni atakayeteuliwa kusimamia mirathi, awe ameteuliwa kupitia Mahakama ya Kadhi au mahakama nyingine, kisha muombe kwake kwa maandishi.

Neno moja kwa vijana wetu hodari. Kikundi kinaweza kukujia na kusema, tovuti ni yetu, tubahatishie nenosiri. Usikubali kabla ya kampuni inayohifadhi kutoa idhini. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Aliyeingia ndiye atakayesimama kizimbani. Njia ya barua ni ndefu kidogo, ila haimpeleki mtu Garissa kwa gari la polisi.

Faili zikipatikana, msizirudishe hewani mara moja. Mwiteni fundi azikague kwenye kompyuta isiyo na kazi nyingine, maana tovuti iliyoachwa miaka mingi bila kusasishwa mara nyingi huwa imeingiliwa na kupandikizwa programu hatari. Katika WordPress, picha na hati hukaa kwenye folda ya wp-content, ndani ya uploads. Hizo zinaweza kutolewa na kutumika hata kama sehemu nyingine zote zitatupwa. Maneno ya makala yatatoka kwenye lile faili la .sql. Fundi mwenye uzoefu hafufui tovuti ile ile nzima; hujenga mpya iliyo nyepesi na kuhamishia humo maandishi na picha. Kwa mtandao wa Sangailu, tovuti nyepesi ni bora zaidi kwa kila hali.

Safari hii jina lisajiliwe kwa jina la kikundi, kwa barua pepe ya ofisi, na nenosiri lijulikane na maafisa wawili na kuandikwa kwenye karatasi iliyofungwa ndani ya bahasha. Lipieni miaka kadhaa kwa mpigo kama msajili anaruhusu. Nakala moja ya faili iwe kwenye diski shuleni au ofisini, nyingine iwe mji mwingine. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara na kuingia majumbani, wengi waliona jinsi mahali pamoja panavyoweza kupoteza kila kitu. Flashi peke yake haitoshi. Joto na vumbi huimaliza bila kutoa taarifa. Kumbukumbu za ardhi zichapishwe, zitiwe sahihi upya na maafisa waliopo, na zipelekwe kwenye faili la kamati.

Kabla ya kuchapisha tena orodha za zamani, zisomeni. Orodha ya basari ya 2012 inaweza kuwa na jina kamili la mtoto, namba ya kitambulisho cha mzazi na namba ya simu, na mtoto huyo leo ni mtu mzima anayetafuta kazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu taarifa hizo hata kama zilikuwa wazi zamani. Ondoeni namba, bakisheni idadi na kiasi cha pesa. Na ikiwa fundi atagundua kwamba mtu aliingia kwenye hifadhidata na huenda alichukua taarifa za watu kwa namna inayoweza kuwadhuru, kikundi kinatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu kujua, na wahusika wenyewe waambiwe. Orodha kamili ibaki kwenye faili la ofisi, kwa ajili ya mwenye haki ya kuiomba.